Keshero: Magazini ya bastola, kipuri kidogo chenye historia ndefu kutoka Liège hadi Goma

Motari wa Keshero akienda kununua mnyororo au buji ya pikipiki, swali lake la kwanza ni moja: hii ni ya kiwanda chenyewe ama ni ya kuiga? Anajua kwamba ya kuiga ni bei rahisi. Anajua pia kwamba inaweza kumwacha njiani, kwenye barabara ya Sake, usiku, na mteja nyuma yake. Lakini anajua na jambo la tatu: kuna vipuri visivyo vya kiwanda ambavyo vinadumu miaka, na kuna vya kiwanda ambavyo vinaharibika mapema.

Swali hilohilo linaulizwa na watu wanaoshindana kupiga shabaha kwa bastola, Ulaya, Marekani, Afrika ya Kusini na hata Kenya. Wao wanauliza kuhusu magazini, kile kisanduku cha bati kinachoshika risasi na kuingizwa ndani ya mpini wa bastola. Hapa Goma wengi wanakiita kwa Kifaransa, chargeur. Kwa mshindani, magazini mbaya inampotezea kikombe. Kwa jamaa ya Keshero iliyookota kitu hicho kwenye mawe ya volkano, ni jambo la uhai. Tangu vita vya mwezi wa Januari 2025, vilipotupwa bunduki, sare na risasi katika mitaa mingi ya mji, watoto wengi wamekiona kwa macho yao. Ndiyo maana historia yake inafaa kujulikana, na wale wasiotaka kabisa kushika silaha wanafaa kuijua pia.

Kazi ya kisanduku hicho

Magazini ina sehemu nne tu. Kuna ganda la bati. Ndani yake kuna springi. Juu ya springi kuna kibao kidogo kinachosukuma risasi kwenda juu. Chini kuna kitako kinachofunga vyote visitoke. Juu kabisa bati limekunjwa pande mbili kama midomo, na midomo hiyo ndiyo inayoishika risasi isiruke mpaka wakati wake.

Bastola ikifyatuka, chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu, kinatupa ganda la risasi iliyotumika, halafu kinarudi mbele na kusukuma risasi mpya kutoka kwenye midomo ya magazini hadi ndani ya mtutu. Yote hayo yanafanyika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kama springi imechoka, risasi inachelewa kupanda na chuma kinapita juu yake bila kuichukua, ama kinaikuta imeinamisha pua. Kama midomo imepanuka kidogo, risasi inatoka mapema na kusimama vibaya. Kama ganda limebonyea, kibao kinakwama katikati. Bastola yenyewe haina kosa lolote, lakini imesimama.

Ndiyo sababu mafundi wa silaha wana mazoea ya kale: bastola ikikwama, kabla ya kufungua chochote, wanabadilisha magazini kwanza.

Kutoka Herstal hadi ziwa Kivu

Historia ya kipuri hiki ina njia inayopita karibu sana na Goma. Mwaka 1889, huko Herstal karibu na mji wa Liège, Ubelgiji, kilianzishwa kiwanda cha FN ili kutengeneza bunduki 150,000 aina ya Mauser kwa serikali ya Ubelgiji. Miaka michache baadaye kiwanda hicho kilifanya mapatano na mvumbuzi Mmarekani, John Moses Browning. Matokeo yake ya kwanza ni bastola ya mwaka 1900, yenye magazini ya kuchomoa ya risasi 7, ambayo jeshi la Ubelgiji liliichukua.

Tarehe 28 Juni 1914, huko Sarajevo, kijana mmoja alimuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, kwa bastola ya FN aina ya 1910. Risasi hizo za Herstal ziliwasha vita vya kwanza vya dunia. Ilipofika Septemba mwaka huohuo, Wajerumani waliokuwa upande wa Gisenyi walikuwa wamekwisha teka kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Vita hiyo ilichukua maelfu ya wapagazi na askari wa Kongo, na Force Publique ikatembea mpaka Tabora, ambayo iliiteka Septemba 1916. Wazee wa Kivu walirithi habari za wapagazi hao kutoka kwa babu zao.

Wakati huo magazini nyingi za bastola zilikuwa na safu moja tu ya risasi: saba, nane, basi. Bastola ya Browning iliyochukuliwa na jeshi la Marekani tarehe 29 Machi 1911 ilikuwa na risasi 7. Kabla ya kukubaliwa ilijaribiwa kwa kupigwa risasi 6000, na ilipita jaribio bila kukwama. Magazini zake zilikuwa za kiwanda na zilipimwa pamoja na bastola. Hakuna aliyefikiria bado kwamba siku moja magazini itakuwa bidhaa ya peke yake, yenye soko lake.

Wajerumani ndio waliojaribu kuongeza. Katika vita hiyo ya kwanza walitengenezea bastola ya Luger magazini ya duara iliyoshika risasi 32, yenye umbo kama konokono. Ilikuwa nzito, ilihitaji chombo maalum cha kuijaza, na uchafu kidogo uliisumbua. Watengenezaji walijifunza jambo ambalo linarudi mpaka leo: kuongeza idadi ya risasi ni kuongeza pia nafasi za kukwama.

Saive na safu mbili

Aliyepata jibu alikuwa Mbelgiji, Dieudonné Saive, fundi wa FN. Miaka ya 1920 Wafaransa walitaka bastola yenye risasi nyingi zaidi. Saive alizipanga risasi katika safu mbili zinazopishana, kama matofali ya ukuta, halafu akabana ganda la bati upande wa juu ili risasi zitoke moja moja. Sehemu hiyo ya kubana ndiyo kazi ngumu kabisa. Ikibanwa mapema mno, risasi zinasuguana na kusimama. Ikibanwa kwa kuchelewa, risasi mbili zinagombea mlango mmoja.

Browning alifariki tarehe 26 Novemba 1926, akiwa kazini katika kiwanda cha FN. Saive akaendelea mpaka akamaliza. Mwaka 1935 Ubelgiji ikaichukua bastola hiyo kwa jina la Grande Puissance, GP35, yenye magazini ya risasi 13. Wafaransa walioanzisha maombi walichagua bastola nyingine.

Kwa sababu ilikuwa bastola ya jeshi la Ubelgiji, GP35 ilijulikana na maafisa wa Force Publique huko Kongo, na baada ya uhuru wa 1960 ikabaki kiunoni mwa maafisa wengi wa nchi hii. Wazee wengi wanaosema "Browning" bila kuongeza neno, bastola hiyo ndiyo wanayoikumbuka.

Wajerumani walipoikalia Ubelgiji katika vita vya pili, kiwanda cha Herstal kilifanya kazi chini yao. Saive alifika Uingereza, na kuanzia 1944 kampuni ya Inglis ya Toronto, Kanada, ilitengeneza bastola hiyohiyo kwa majeshi ya upande wa pili. Hivyo magazini za chapa mbili, za viwanda viwili vilivyokuwa katika pande mbili za vita moja, zilitoka kwenye mchoro mmoja. Baadaye Argentina ilitengeneza kwa kibali, na Hungary ikatoa nakala zake. Baadhi ya zile za Hungary zinafanana na GP35 kwa nje, lakini ndani ni kitu kingine. Kwa mtu anayeokoteza vipuri, sura peke yake haitoshi kumhakikishia chochote.

Magazini inapokuwa biashara

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashindano. Mwezi wa Mei 1976, huko Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, wapigaji shabaha kutoka nchi mbalimbali walianzisha shirikisho la IPSC, na Jeff Cooper akawa rais wa kwanza. Mchezo wao haukuwa wa kusimama na kulenga karatasi polepole. Mshindani anatembea kati ya shabaha, na pointi zake zinagawanywa kwa muda alioutumia.

Hapo ndipo magazini ilipopata uzito mpya. Katika mashindano ya kimataifa ya mtindo wa Olimpiki, bastola ya mita 25 ikikwama, mshindani anainua mkono na kumwita msimamizi. Kama kosa si lake, sheria inaweza kumpa nafasi ya kurudia. Katika IPSC saa haisimami. Sekunde tatu za kugongagonga magazini iliyokwama zinamtoa mtu kwenye nafasi ya kwanza na kumpeleka ya ishirini.

Afrika ilikuwa ndani ya historia hiyo tangu mapema. Mashindano ya dunia ya 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao leo unaitwa Harare. Mshindi alikuwa mwenyeji, Dave Westerhout, na bastola yake ilikuwa ya Browning, ile ya Saive yenye safu mbili. Ilikuwa wakati wa vita nchini humo, na mchezo huo ulikuwa wa watu wachache, wengi wao walowezi. Hilo nalo ni sehemu ya ukweli wa historia hii: mchezo wa bastola katika Afrika ulianza mikononi mwa wale waliokuwa na ruhusa ya kushika silaha, na wengi hawakuwa na ruhusa hiyo.

Washindani walitaka magazini nyingi, za bei nafuu, zinazoanguka haraka wakibonyeza kitufe. Viwanda vya bastola vilikuwa vinatoa moja au mbili kwa kila bastola. Nafasi hiyo ikajazwa na watengenezaji wengine. Huko Gardone Val Trompia, bonde la kaskazini mwa Italia ambalo limefua silaha kwa karne nyingi, kampuni ya Mec-Gar ilianza mwaka 1965 na kujitolea kwa magazini tu. Inauza kwa jina lake, na pia inatengenezea viwanda vikubwa vya bastola ambavyo vinaweka chapa zao juu. Marekani, mafundi waliokuwa washindani wenyewe walianza kutengeneza magazini bora za bastola ya 1911, zenye risasi 8 badala ya 7, kwa sababu walichoka kushindwa kwa ajili ya springi dhaifu.

Kwa hiyo maneno "ya kiwanda" na "ya kuiga" yalianza kupoteza maana yake ya zamani. Magazini yenye chapa ya kiwanda cha bastola inaweza kuwa imetoka kwenye mashine ileile ya Italia iliyotoa ile isiyo na chapa hiyo. Na upande wa pili, kulikuwa na watu waliopima nakala ya nakala, wakatumia bati jepesi na springi ya waya hafifu, wakauza kwa nusu ya bei.

Sheria nayo ilisukuma soko. Kuanzia tarehe 13 Septemba 1994 mpaka tarehe hiyohiyo ya 2004, Marekani ilikataza kutengeneza kwa raia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Zile za zamani zilizoruhusiwa zikapanda bei sana. Watu wakatengeneza upya magazini zilizochakaa, wakabadilisha springi, wakanyoosha midomo. Nyingi zilirudi sokoni zikiwa na sura nzuri na tumbo bovu.

Kanuni za washindani

Kutokana na miaka hiyo yote, wapigaji shabaha wameachiana kanuni chache, ambazo hazitofautiani sana na zile za motari wa Keshero.

Kwanza, magazini ni kitu cha kuchakaa, kama tairi. Haizeeki pamoja na bastola. Springi inabadilishwa, midomo ikipinda magazini inaachwa.

Pili, kila magazini inaandikwa namba. Bastola ikikwama, mshindani anaandika ni namba ngapi ilikuwa ndani. Namba 4 ikikwama mara mbili, inatolewa kwenye mashindano na kubaki ya mazoezi, au inatupwa. Bila namba, mtu analaumu bastola nzima kwa kosa la kipuri kimoja.

Tatu, chapa si ushahidi. Ushahidi ni majaribio katika bastola hiyohiyo, na risasi zilezile zitakazotumika. Magazini inayofanya kazi vizuri katika bastola moja inaweza kukwama katika nyingine ya aina ileile.

Nne, magazini kukaa na risasi ndani muda mrefu hakuiui haraka kama wengi wanavyofikiri. Kinachoichosha springi zaidi ni kujazwa na kutolewa mara nyingi, pamoja na kutu na vumbi. Kanuni hii ya nne inapaswa kusikilizwa kwa makini Goma, kwa sababu maana yake ni kwamba magazini iliyofichwa miaka mingi iliyopita inaweza bado kufanya kazi.

Katika Afrika ya Mashariki mchezo huu upo leo, hasa Kenya, ambako mashindano ya bastola hufanyika katika uwanja wa Kirigiti, kaunti ya Kiambu. Anayeshiriki lazima awe na cheti cha kumiliki silaha. Magazini zake zimeandikwa namba, ziko kwenye mkanda, na msimamizi anahakikisha bastola ni tupu kabla na baada ya zamu. Hakuna anayetoka uwanjani bila kuonyesha chemba.

Goma haina uwanja, ina mabaki

Goma haikupata magazini kwa njia ya mchezo. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu walipovuka kutoka Rwanda, askari walioshindwa walivuka pamoja nao, na silaha zilirundikana mpakani kama kuni. Si zote zilizokabidhiwa. Mji ulishikwa tena na vikundi vya silaha mwaka 1996, 1998, Novemba 2012 na Januari 2025. Kila mara kuna waliotupa silaha ili wakimbie, na kila mara kuna waliookota.

Sheria ya Kongo kuhusu silaha na risasi, amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inadai kibali kwa raia anayetaka kumiliki silaha. Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika tarehe 8 Machi 2017, unakwenda mbali zaidi. Jina lake lenyewe linataja silaha ndogo, risasi, na pia vipuri vyote vinavyoweza kutumika kuziunda au kuzitengeneza. Walioandika mkataba huo walielewa kwamba bastola moja iliyokosa magazini ni karibu chuma tu, na magazini moja ikipatikana sokoni, chuma hicho kinarudi kuwa bastola.

Hapo ndipo kijana anayekusanya vyuma chakavu anapoingia hatarini bila kujua. Anaona kisanduku cha bati chenye springi nzuri. Wengine wanafikiri ni kitu cha kuchezea au cha kuuza kwa kilo. Lakini anayekutwa nacho anaweza kuulizwa bastola yenyewe iko wapi, na katika mji uliopitia vita, swali hilo halina jibu rahisi.

Kosa linaloua

Kuna fundisho moja la historia hii ambalo kila nyumba ya Keshero, ya wenyeji na ya wahami waliopokelewa baada ya kambi kuvunjwa Februari 2025, inafaa kulishika.

GP35 ya Wabelgiji ina kifaa ndani kinachozuia kufyatua kama magazini imetolewa. Washindani wengi hawakukipenda, kwa sababu kinaongeza uzito wa kifyatulio na kuzuia magazini kuanguka vizuri, na wengine walikiondoa. Lakini kwa watu walioizoea bastola hiyo, kikazaliwa kipande cha imani: magazini ikitoka, bastola haiwezi kuua.

Imani hiyo ni ya uongo kwa bastola nyingi. Makarov, Tokarev na Glock, aina zinazojulikana katika vita vya Afrika, zinafyatuka bila magazini kama risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Na hata GP35, nani anajua kama kifaa hicho bado kimo ndani? Mtu anachomoa magazini, anaiweka mezani, anasema "iko tupu", anamwelekezea rafiki kwa mzaha. Risasi haikuwa kwenye magazini. Ilikuwa imekwisha panda.

Washindani wa Kirigiti na wa Ulaya wanalijua hilo kiasi kwamba hakuna anayeaminiwa kwa neno. Nao ni watu wenye mafunzo, silaha zao zinajulikana na magazini zimeandikwa namba. Mtoto wa Keshero hana hata kimoja cha hivyo. Kwa hiyo kanuni yake ni fupi zaidi: akiona bastola, magazini au risasi, asiguse, asipige teke, asilete nyumbani. Akumbuke mahali, amwite mtu mzima, na mtu mzima amjulishe kiongozi wa nyumba kumi au wa avenyu ili watu wa kuondoa mabaki ya vita waitwe.

Zaidi ya miaka tisini imepita tangu Saive apange risasi katika safu mbili. Washindani bado wanabishana ni magazini gani ya kuaminika. Keshero jibu ni moja tu: ile iliyookotwa haiaminiki kamwe, iwe imekwama au inafanya kazi.